Mlo wa Asiyekuwepo

Nilipogeuka, kifuniko kilikuwa tayari mkononi mwake. Mvuke ulimpanda Bwana Shirakabe usoni, ukaziba miwani yake, naye akacheka peke yake kama mtoto aliyefunikwa shuka. Nilikuwa na nafasi ya pumzi tatu za kumzuia. Nazikumbuka zote. Ya kwanza niliitumia kutazama mlango wa nyuma, nione kama mwenye mgahawa amerudi. Ya pili niliitumia kupiga hesabu ya dakika zilizobaki kabla ya basi letu la bustanini. Ya tatu sikuitumia kwa lolote. Niliiacha ipite, kwa sababu tangu saa tatu asubuhi mtu yule hakuwa amefunga mdomo, na nilitaka anyamaze.

Akavitenganisha vijiti, akainamia bakuli, akala.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita wakati huo, na kazi yangu ilikuwa kuwatembeza wageni jijini Kanazawa na kuwalisha. Walishuka kwenye treni za Osaka, Tokyo na Nagoya. Wengi wao wastaafu wenye viatu vipya na kamera shingoni. Asubuhi niliwapeleka soko la Omicho waonje kamba na kaa. Kisha tulivuka mto hadi mitaa ya nyumba za mbao, wakapiga picha za milango iliyofungwa. Mchana tulikula kwa Mama Tsukuda, alasiri tukaingia bustani ya Kenroku, na saa kumi niliwapungia mkono kituoni. Sasa nina miaka sitini na minane, lakini nikisikia magurudumu ya masanduku ya wageni barabarani, miguu yangu bado hutaka kutangulia.

Siku ile ya Novemba ilianza na giza. Kwetu, mawingu ya majira hayo hushuka mpaka kwenye mapaa, na ngurumo hupiga mchana kweupe. Wazee husema ni ngurumo za kumwamsha samaki wa buri huko baharini. Sokoni taa zote zilikuwa zimewashwa, na chini ya mwanga wake nyuso za wageni wangu zilikuwa na rangi ya nta. Walikuwa saba. Kwa kawaida ofisi yetu iliuza nafasi sita tu, kwa sababu kwa Mama Tsukuda tuliruhusiwa viti sita. Sijui nani aliuza ya saba. Najua tu kwamba ilimwangukia Bwana Shirakabe Eisuke, mzee aliyeuza cherehani maisha yake yote kule Nagoya, na aliyezungumza kana kwamba bado anaziuza.

"Mama, huyu kaa amekufa lini?" alimuuliza muuzaji mmoja. "Ananitazama kama mkwe wangu."

"Hajafa, mzee," yule mama akamjibu bila kuinua kichwa. "Amezimia tu baada ya kuliona tumbo lako."

Alicheka kuliko wote. Alikula kamba wabichi wanne, mshikaki wa samaki, na kipande cha yai la kukaanga alichokisifia kisha akakitoa kasoro. Kwao Nagoya miso, lile rojo la soya, ni nyeusi zaidi. Kwao Nagoya samaki mkunga hupakwa mchuzi mara tatu. Kule mitaani, wenzake walipokuwa wakitazama mbao za kale, yeye aliniuliza mara nne chakula cha mchana ni saa ngapi, na mara ya nne akatoa mfukoni kifurushi cha wali wa kukandwa alichofungiwa na mkewe, akanionyesha kama mtu anayeonyesha picha ya mjukuu. "Huyu Sadae wangu ananijua," alisema. "Anajua nikisikia njaa nakuwa mtu mwingine."

Mgahawa wa Mama Tsukuda ulikuwa katika kichochoro nyuma ya hekalu, na haukuwa na kibao. Orie Tsukuda alikuwa anaukaribia umri wa miaka sabini, mfupi, mwenye mikono minene ya mtu aliyenyanyua masufuria tangu usichana wake. Alipika kitu kimoja: nyama ya bata iliyotiwa unga mchuzi ukawa mzito, pamoja na figili iliyochemshwa mpaka ikapenyeka kwa kijiti, na wali. Mbele ya meza ndefu palikuwa na viti saba. Cha saba, kile cha ukutani, hakikukaliwa na mtu. Mbele yake kila mchana, kabla mgeni yeyote hajapakuliwa, Mama Tsukuda aliweka sinia dogo lenye mabakuli yenye vifuniko na jozi ya vijiti.

Ulikuwa mlo wa mwanawe, Tomoharu. Aliondoka nyumbani akiwa na miaka ishirini na miwili, baada ya baba yake kumtupia nguo zake barabarani. Walikuwa wamegombana kuhusu nani ataurithi mgahawa. Miaka kumi na tisa ilikuwa imepita bila barua. Bibi yangu naye alimwekea babu yangu mlo kama huo alipokwenda vitani. Sisi huuita mlo wa kivuli. Aliye safarini huwekewa chakula nyumbani ili huko aliko asipatwe na njaa. Bakuli likishapoa, mwenye nyumba hugeuza kifuniko. Kikiwa na matone ya maji kwa ndani, msafiri yu hai. Mama Tsukuda alikuwa akikigeuza, anakitazama, anasema "Yupo," basi. Jioni alikula chakula kile mwenyewe kikiwa baridi, maana kilichopoa huhesabiwa kimekwisha kuliwa.

Siku ile tulipofika, sinia lilikuwa limeshawekwa na sufuria ilikuwa inatokota, lakini Mama Tsukuda alikuwa ametoka kwenda kuchukua tofu, ile jibini ya soya, kwa jirani. Haikuwa mara ya kwanza mimi kupakua badala yake. Wageni sita wakakaa. Wa saba akabaki amesimama, maji ya mvua yakimtiririka kwenye koti, akinitazama.

"Kaa pale ukutani, mzee," nilimwambia. "Hilo sinia lisogeze kidogo pembeni."

Kisha nikampa mgongo nichukue mwiko.

Mama Tsukuda aliingia kwa mlango wa nyuma na ndoo ya tofu akamkuta anafuta bakuli kwa kipande cha mwisho cha figili. Akasimama palepale. Ndoo ilikuwa inavuja, nami nikawa natazama maji yakisambaa sakafuni kwa sababu sikuweza kumtazama usoni.

"Mama," Bwana Shirakabe alisema, "kwetu Nagoya tukipika bata..."

"Umeshiba, baba?" Mama Tsukuda alimkatiza.

Swali lile mzee angelijibu kwa robo saa. Alifungua mdomo. Akaweka kiganja tumboni, akakisogeza kushoto, akakisogeza kulia, kama mtu anayetafuta funguo katika mifuko ya koti lisilo lake.

"Nimeshiba," alisema hatimaye. Na hakuzungumza tena.

Mama Tsukuda alikichukua kifuniko, akakigeuza. Nilikuwa karibu naye, nilikiona. Muda mfupi uliopita mvuke wake ulikuwa umeziba miwani ya mtu, lakini kwa ndani kilikuwa kikavu kama kigae cha juani. Akapitisha kidole, akakitazama kidole.

"Michiyo," alisema kwa sauti ya chini, "nani amemkalisha pale?"

"Mimi."

Akaitikia kwa kichwa. Ningependa angenifokea. "Basi leo Tomoharu atashinda njaa," alisema, akaenda kuosha bakuli.

Bustanini misonobari ilikuwa imeshafungwa kamba kwa ajili ya theluji, na chini ya wingu lile kila mti ulifanana na mtu aliyesimama ndani ya chandarua. Wageni wangu walipiga picha. Bwana Shirakabe alitembea nyuma yetu. Nilifurahia ukimya wake kwa muda wa nusu saa. Baada ya hapo nikaanza kugeuka kila hatua chache kuhakikisha bado yupo. Katika nyumba ya chai tuliletewa vitumbua vya maharage matamu. Alikitazama chake bila kukichukia wala kukitamani, kama unavyotazama kokoto, akakisukuma kwa mama aliyeketi kando yake. Kisha alipotoka alitoa mfukoni ule wali wa mkewe, akaufungua, akayapanga matonge yote matatu juu ya jiwe, yamelingana vizuri, akaenda zake. Mvua ilikuwa inayalowesha. Nilipita hapo, sikuyaokota.

Kituoni nilihesabu watu sita.

Nikamwona ng'ambo ya reli, kwenye jukwaa la treni za kaskazini, za kwenda Toyama na Niigata. Alikuwa amesimama wima, mikono imening'inia.

"Bwana Shirakabe," nilimwita. "Ya Nagoya ni upande huu, mzee."

Alinigeukia. Alinitazama kwa adabu, kama mtu aliyesikia jina la mwingine likitangazwa kwenye kipaza sauti. Halafu treni ikaingia katikati yetu, na ilipoondoka jukwaa lilikuwa tupu. Nilijiambia kwamba mtu mzima anajua aendako. Nilijiambia pengine ana ndugu Niigata. Nilikwenda nyumbani, nikaoga, na nakiri kwamba nililala usingizi mzuri.

Siku ya nne yake nilinunua mfuko wa matunda ya kaki, nikaenda kumwomba Mama Tsukuda radhi. Ilikuwa saa nne asubuhi, wakati ambao mgahawa huwa bado umefungwa. Mlango ulikuwa wazi. Kwenye kiti cha ukutani alikuwa ameketi mwanamume wa makamo, mwembamba, mwenye koti la wafanyakazi wa bandarini, anakula. Mama Tsukuda alikuwa amesimama mbele yake akiwa na mwiko mkononi, hakai chini wala hauweki. Bakuli likiisha anajaza. Nilihesabu manne tangu niingie.

"Tomoharu," aliniambia, bila kuniangalia, kama angeniambia mvua imekatika.

Yule mtu akaniinamia kidogo. Uso wake ulikuwa na ule weupe wa mtu aliyekaa sana majini. Alipoacha kutafuna alituambia yaliyompata, kwa sauti ya kawaida, na sijayasahau.

"Nilikuwa Hakodate, napanga masanduku ya ngisi. Saa sita na nusu mchana tumbo likanguruma. Nikageuka kuangalia ni la nani."

Mama yake alicheka kidogo. Yeye hakucheka.

"Sikuwahi kusikia njaa tangu nitoke hapa," aliendelea. "Nilikula kwa sababu kengele imelia na wenzangu wanakula. Siku ile nikashikwa na njaa mpaka nikayaacha masanduku palepale. Nikanunua tambi, nikanunua mkate, havikufanya kitu. Nilichotaka ni hiki. Nikapanda meli, nikapanda treni."

"Ilikuwa siku gani?" niliuliza.

Akataja siku. Mimi na Mama Tsukuda tukatazamana, naye akaondoa macho haraka kuliko mimi.

"Hiki kiti kilikuwa na sinia nilipoingia," Tomoharu alisema. "La nani?"

"Lako," mama yake akamwambia. "Nilikuwekea kila siku. Hata siku tuliyomzika baba yako nilikuwekea kwanza ndipo nikavaa. Sikukosa hata siku moja, mwanangu."

Nilimwona akiviweka vijiti chini taratibu. Alimtazama mama yake, akatazama bakuli, kisha akanitazama mimi kwa muda mrefu. Alikuwa ameelewa jambo. Akaamua kulimeza. "Asante, mama," alisema, akaviokota vijiti tena.

Simu ya Nagoya ilinipata ofisini wiki iliyofuata.

"Mimi ni mke wa Shirakabe," ilisema sauti ya mwanamke, kavu, ya mtu aliyezoea kuhudumia wateja. "Mume wangu hajarudi. Amepiga simu Jumapili kutoka Akita. Nimemuuliza anafanya nini Akita, akasema yuko salama. Nimemuuliza amekula nini, akasema hana njaa. Dada, mume wangu hajawahi kusema hana njaa. Siku ya mazishi ya mama yake aliomba aongezewe. Huko kwenu alikula nini mara ya mwisho?"

"Kitoweo cha bata," nilimwambia.

"Basi?"

"Na figili."

Ilikuwa kweli, na ilikuwa uongo mkubwa kuliko wote niliowahi kusema. Jioni hiyohiyo nilikwenda kwa Mama Tsukuda nikamsihi amwekee mzee yule mlo wa kivuli. Hakusita. Alijiona ana deni kwa mtu ambaye kwa namna fulani alimrudishia mwanawe. Niliandika jina kwa mkono wangu kwenye kipande cha karatasi, Shirakabe Eisuke, tukakiweka kando ya vijiti, maana hatukutaka chakula kipotee njia. Tomoharu alikuwa anakata figili. Kisu chake kilisimama, kikaendelea.

Desemba ikapita, Januari ikaleta theluji ya magotini. Kila nilipopeleka wageni niliuliza kwa macho, na Mama Tsukuda alikigeuza kifuniko kunionyesha matone, makubwa, yamejipanga kama shanga. "Yupo," alisema. Nami nilipumua. Mama Shirakabe alipiga simu kila mwezi kunieleza aliyoambiwa na mumewe, ambaye sasa alimpigia kila Jumapili. Mumewe alikuwa Aomori. Mumewe alikuwa amevuka bahari, yuko Otaru, ametazama mfereji. Mumewe alikuwa ameona milima kutoka dirishani. Alizungumza polepole siku hizi, alisema, na kila mara sauti ilitoka mbali zaidi, ingawa simu ilikuwa ileile. Nilimfariji. Nilimwambia pengine anapumzisha akili.

Februari, katikati ya wiki, alikuja mwenyewe.

Nilikuwa na wageni sita nimewakalisha, wanakula, madirisha yamejaa ukungu wa pumzi zao. Mlango ukafunguliwa, akaingia mwanamke mdogo mwenye koti la kahawia na theluji mabegani. Alitaja jina lake. Alikuwa na duka la nyuzi na vifungo, alikuwa amelifunga kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, na alitaka kuona meza ambapo mume wake alikula. Macho yake yalipita juu ya migongo ya wageni mpaka ukutani, kwenye sinia lenye mvuke, kwenye kile kipande cha karatasi.

Akakisoma. Akakiokota.

"Mwandiko wa nani huu?"

"Wangu, mama," nilisema.

Wageni waliacha kula. Nilimweleza mbele yao wote, kwa sababu sikuwa na pa kumpeleka: mlo wa kivuli, kiti cha ukutani, pumzi zile tatu. Nilimwambia pia kwamba sasa tunamtunza, kwamba kila siku matone yapo, asiwe na wasiwasi. Alinisikiliza bila kupepesa.

"Mnamlisha," alisema. "Tangu lini?"

"Tangu ulipopiga simu mara ya kwanza," Mama Tsukuda akamjibu, na kulikuwa na fahari katika sauti yake. "Hajakosa hata siku moja, dada yangu. Mimi mwanangu nilimlisha hivyo miaka kumi na tisa."

"Na alirudi lini?"

Ndipo Tomoharu akatoka jikoni, anajifuta mikono. Nadhani alikuwa ameijua siku hiyo kabla haijafika.

"Nilirudi siku ambayo mtu mwingine alikula," alisema.

Mama yake akageuka.

"Mama, nisamehe. Sikutaka kukuambia." Alizungumza akitazama sakafu. "Sikuwa na hasira na baba zaidi ya mwaka mmoja. Nilikuwa nikikumbuka nyumbani vizuri kabisa, kichochoro, hekalu, mikono yako. Lakini nilikumbuka kama mtu anayetazama duka kwa nje ya kioo akiwa ameshiba. Sikuumwa. Sikuteseka. Sikuwa tu na sababu ya kusimama niondoke. Mtu asiyesikia njaa anaweza kukaa popote." Kisha akamwambia Mama Shirakabe, "Mume wako hateseki. Na hatarudi."

Mama Tsukuda alikaa juu ya gunia la mchele. Alikitazama kiganja chake cha kulia, akakigeuza, akakitazama nyuma, kama alivyokuwa akigeuza vifuniko.

"Miaka kumi na tisa," alisema. "Nilikuwa namfukuza mwanangu kwa upawa."

Theluji iliporomoka kutoka kwenye paa la hekalu kwa kishindo, na mgeni mmoja akaanza kuvaa koti lake.

"Liondoeni hilo sinia," Mama Shirakabe alisema.

"Tukiacha atakufa njaa," Mama Tsukuda alinong'ona. "Dada, huko ni Februari."

"Ana pesa mfukoni, na kila kituo kina kibanda cha tambi. Hatakufa njaa. Atasikia njaa." Sauti yake ilipasuka kwa mara ya kwanza. "Mimi ndiye mkewe. Nimemfungia chakula miaka thelathini na minne na kila jioni anarudi anauliza tunakula nini. Mnyimeni."

Akanyoosha mkono kuelekea bakuli. Tomoharu akamshika kifundo cha mkono, kwa heshima lakini kwa nguvu.

"Usikile," alisema. "Bado ni cha moto. Atakayekila ataondoka."

Kikabaki pale, kinatoa mvuke, kinanukia vizuri kupita kiasi. Mama Tsukuda hakuweza kuinuka. Katika nyumba ile hata punje moja ya wali haikutupwa. Nililichukua sinia mimi. Nililibeba mpaka jikoni, nikaviondoa vifuniko kimoja kimoja, nikamwaga wali, nikamwaga figili, nikamwaga kitoweo kwenye shimo la beseni. Kilishuka kwa mikupuo, taratibu, kwa sauti ya koo linalomeza. Nilifungua bomba. Sauti iliendelea chini ya maji, kwa muda mrefu kuliko chakula kilichokuwamo.

Baada ya hapo kiti cha saba kilikaliwa na yeyote. Mama Tsukuda alipika miaka mingine minane, na kitoweo chake hakikubadilika, ila aliacha kabisa kuwauliza wageni kama wameshiba. Tomoharu aliyaosha mabakuli. Alinenepa. Wakati mwingine, katikati ya mchana, alisimama na kuweka mkono tumboni, na mama yake aliacha alichokuwa akifanya mpaka auondoe.

Mama Shirakabe hakupata simu Jumapili ya kwanza, wala ya pili. Mimi sikuweza kula. Nilitembeza wageni sokoni, nikawaonyesha kaa, nikiwaza juu ya mzee wa miaka sitini na tano amelala chini ya theluji ya kaskazini kwa sababu ya bomba nililofungua. Hakukuwa tena na kifuniko cha kugeuza.

Siku ya kumi na saba, saa tisa alasiri, nikaitwa kwenye simu ya ofisi.

"Amefika asubuhi," Mama Shirakabe alisema. Alizungumza kwa kunong'ona, kama mtu aliye karibu na ndege asiyetaka aruke. "Kwa miguu kutoka kituoni. Hana kofia."

"Mzima?"

"Anakula."

"Amesema nini?"

"Bado hajasema. Hii ni sufuria ya tatu." Nikamsikia akivuta pumzi. "Dada, kila tonge ananitazama kwanza. Kama anayengoja nimruhusu. Mimi namwambia kula. Namwambia kula, naye anakula. Ngoja, sikiliza."

Nadhani aliuweka mkono wa simu mezani, kando ya bakuli. Nilisikia vijiti vikigonga udongo wa kuchomwa. Nilisikia kutafuna, kisha kumeza, kisha pumzi nzito, kisha ukimya mfupi, na katika ukimya huo sauti ya mwanamke ikisema neno lilelile moja. Kisha vijiti tena.

Nje ya ofisi wageni wangu wa siku ile walikuwa wakinisubiri chini ya miavuli. Mmoja aligonga kioo, akanionyesha saa. Nilimpungia mkono atangulie. Sikukata simu, na kule Nagoya pia hakuna aliyekata.